Ramani ya Kumi na Mbili Kabatini

Siku niliyorudisha ufunguo wa kabati la ramani, prefe, mkuu wa shule yetu, alimpa mwalimu Patrick, kijana anayechukua nafasi yangu, orodha yenye muhuri: ramani kumi na moja. Tukahesabu pamoja. Kumi na mbili. Mimi sipokei hesabu ya kwanza ya mtu yeyote, hata yangu mwenyewe, kwa hiyo tukahesabu tena kuanzia chini. Kumi na mbili. Patrick akafurahi, maana bado ni kijana na anadhani kitu kikizidi ni bahati.

"Papa Prof, hii ya kumi na mbili ilitoka wapi? Ni karatasi ya kayee tu, ya daftari. Haiko hata na jina."

"Iache humo. Nitakuandikia."

Basi naandika, na wengine mnaofundisha jiografia msome pia, haina siri. Prefe alinishauri nianze na diploma zangu na vyeo vyangu. Vyeo vyangu vyote vinaenea kwenye kiganja kimoja, na nafasi ya kushika chaki inabaki. Tuviruke.

Nilizaliwa katika vilima vya Masisi, lakini nilikulia Birere, mtaa wa soko mjini Goma, nyuma ya meza ya mama yangu aliyekuwa akiuza maharagwe. Pale nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni kuhesabu mara mbili. La pili ni kwamba kati ya muuzaji na mnunuzi kuna mtu wa tatu, komisioneri, asiyelima wala kununua, ila anawajua wote wawili na anajua nani anadanganya kiasi gani. Watu humsema vibaya mpaka siku asipokuja. Siku hiyo mzigo unashinda chini na kila mtu anarudi nyumbani na hasira. Sikujua kwamba nami ningefanya kazi hiyo, tena kwa watu wa chuo kikuu.

Nilianza kufundisha Ndosho, pembeni mwa mji, katika shule ambayo uwanja wake ulikuwa mawe matupu ya volkano. Yalikula viatu. Mwalimu mwenye viatu vizima alijulikana kuwa mgeni au mtoro. Aliyenipokea ni Muzee Kalinda, mwalimu wa jiografia aliyekuwa amebakiza miaka michache apumzike kazi. Hakunisalimu kwanza. Aliniuliza: "Kaskazini iko wapi?"

Nikanyoosha kidevu kuelekea Nyiragongo, volkano yetu, kama tunavyofanya watu wote wa Goma. Hapa huhitaji kusoma. Mlima uko kaskazini, ziwa liko kusini, na mji mzima unateremka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

"Umejuaje?" akauliza.

"Muzee, si mulima iko pale?"

"Na siku mulima itahama?"

"Mulima haihamake, Muzee."

"Na wewe? Wewe pia hautahama?"

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka. Akatoa mfukoni dira, sisi tunaiita busole, ya shaba, kioo kimepasuka. Akaiweka mkononi mwangu. "Hii haijui mulima yako," akasema. "Ndiyo maana unaweza kuiamini." Nikaipokea kwa adabu, nikaiweka mfukoni, na kwa miaka mingi nikaitumia zaidi kuzuia karatasi zisipeperuke.

Vifaa vyetu vilikuwa vitatu. Kulikuwa na ramani ya dunia iliyobandikwa kwenye gunia la mchele ili isichanike, na nchi yetu bado ikiwa na jina la zamani. Niliomba ruhusa ya kulirekebisha kwa kalamu. Muzee Kalinda akakataa: "Acha batoto baone kama jina ya inchi inabadilika na mito inabakia." Kulikuwa na busole. Na kulikuwa na kamba yenye mafundo, kila fundo mita moja, ya kupimia uwanja. Hiyo kamba iliazimwa na mwalimu wa hesabu, ikakaa kwake miaka mitano. Kila nilipoiulizia alisema anaitumia. Niliirudisha kwa kubadilishana na saa ya ukutani isiyotembea, baada ya kumweleza kwamba saa iliyosimama inapatia mara mbili kwa siku, na kamba yake haijapatia hata mara moja. Niliporudi nayo nikahesabu mafundo. Yalipungua mawili. Nilihesabu tena, kisha nikanyamaza, kwa sababu saa nayo ilikuwa haina mshale wa dakika.

Muzee Kalinda alipopumzika kazi nilibaki peke yangu na kabati. Nikawa mwalimu mzuri. Nasema hivyo bila haya kwa sababu mtaona hivi karibuni jinsi ilivyoniishia.

Wakati huo chuo kikuu kimoja cha mjini kilikuwa na watu wa aina mbili waliohusika na kazi yangu, na hawakujuana. Upande mmoja wa ua kulikuwa na kitivo cha elimu, na humo asistenti mmoja hodari, Madamu Furaha, aliyetafiti jinsi watoto wanavyojifunza. Upande wa pili kulikuwa na idara ya jiografia, na humo CT Muhindo. CT ni cheo cha kule, juu ya asistenti, chini ya profesa, na mwenye nacho hukukumbusha kila wakati kwamba hayuko chini sana. Muhindo alipima miteremko na njia za lava. Nilipima ua uliowatenganisha: hatua arobaini na mbili. Nilipima tena wakati wa kurudi: arobaini na tatu, maana nilikuwa na njaa na hatua zilikuwa zimefupika. Kwa miaka yote hiyo hakuna karatasi hata moja iliyovuka ule ua. Watu wa elimu walijua kila kitu kuhusu mtoto isipokuwa mahali aliposimama. Watu wa jiografia walijua kila sentimita ya mahali, na hawakuwahi kujiuliza kama kuna mtoto amesimama hapo.

Madamu Furaha alikuja shuleni kwetu na utafiti wake. Jaribio lilikuwa rahisi. Mtoto anapewa karatasi tupu: chora mji wako, weka shule, weka ziwa, weka mshale wa kaskazini. Alifanya hivyo katika shule kadhaa za Goma na kadhaa za Bukavu, mji ulio mwisho wa pili wa ziwa letu la Kivu. Matokeo yakatoka. Watoto wa Goma walipatia karibu wote, na wangu wa Ndosho walikuwa wa kwanza. Watoto wa Bukavu walikosea karibu wote, na wa mwisho kabisa walikuwa wa Mama Nsimire.

Mama Nsimire alikuwa amenizidi miaka minne katika kufundisha jiografia. Tulikutana mara moja kila mwaka, wakati walimu wa miji yote miwili walipoitwa kwenye mafunzo, na kila mara aliniuliza swali ambalo nililijibu wiki mbili baadaye, nikiwa peke yangu.

Madamu Furaha aliandika katika ripoti yake kwamba Goma kuna kitu alichokiita Mbinu ya Ndosho. Mwenye mbinu ni mimi. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilishonesha shati jipya. Prefe alianza kunitambulisha kwa wageni akinishika bega. Watu waliponiuliza mbinu yenyewe ni nini, nilitabasamu kama mtu anayetunza siri, na kwa kweli nilikuwa naitunza sana, hata mimi mwenyewe sikuwa naijua.

Kisha Mama Nsimire akanipigia simu.

"Papa, ripoti itasomwa huku Bukavu, kwenye kongamano, mbele ya inspekteri," akasema. "Prefe wangu ameshaniambia. Ikisomwa vile iko, masaa yangu ya jiografia banampa mutu mwingine. Mimi banipeleke bibliyoteki."

"Bibliyoteki si mbaya, Mama."

"Iko na vitabu tisa, Papa. Viwili ni kimoja." Kisha akauliza: "Niambie ukweli. Wewe batoto bako unabafanyia nini?"

Nilimjibu kwa sauti ya mtu mwenye shati jipya: "Mazoezi, Mama. Mazoezi mingi."

"Sawa," akasema. "Basi mimi nilikuwa nalala." Akakata simu. Katika kazi yangu yote sijawahi kusema neno nililolijutia kama hilo la mazoezi.

Wiki iliyofuata Madamu Furaha aliniita ofisini kwake tupitie alama mara ya mwisho. Yeye alikaa upande wake wa meza, mimi upande wangu, karatasi za Bukavu mbele yake. Aliinua moja, akaandika sifuri. Ya pili, sifuri. Mimi nilikuwa naziona kichwa chini, na kila niliyoiona ilikuwa sawa kabisa: ziwa juu, mji chini yake, vilima nyuma ya mji. Bukavu yenyewe. Ni mshale tu uliokosea.

"Madamu, unamupa sifuri ya nini?"

"Prof, ziwa ya Bukavu iko kaskazini ya muji. Huyu ameiweka chini ya karatasi, halafu mushale unaangalia juu. Amegeuza dunia."

"Leta hapa."

Niligeuza karatasi. Kweli, ziwa lilikuwa chini. Nikachukua za watoto wangu, wale wa alama kamili. Ziwa chini, mlima juu, mshale juu. Nikaziweka sambamba. Zilikuwa mchoro mmoja. Watoto wa miji yote miwili walifanya kitu kilekile: maji yanateremka, basi ziwa liko chini ya karatasi, vilima vinapanda, basi viko juu, na mshale wa kaskazini kila mtu anajua unaelekea juu. Goma kosa hilo linapewa pointi kumi. Bukavu linakatwa kumi zilezile. Mbinu ya Ndosho ilikuwa volkano, na volkano haikuwahi kuajiriwa na shule yetu.

Nikamwambia. Hakupenda.

"Prof, nimefanya hii kazi miaka miwili. Unataka nimwambie profesa wangu kama ni mulima ndiyo imefundisha?"

"Mimi ndiye naipoteza mbinu, Madamu. Wewe unapoteza ukurasa tu."

"Una hakika gani? Unaangalia karatasi mbili unaniletea falsafa."

Hapo nilimwelewa. Mtu wa Birere hanunui kwa maneno, anataka kushika bidhaa. Nikavuka ule ua, hatua arobaini na mbili, hadi kwa CT Muhindo, na nikamuuliza kama ana ramani ya mteremko wa Goma na ya Bukavu. Alizitoa kwenye droo bila hata kusimama. Goma inateremka kwenda kusini, Bukavu kwenda kaskazini, kila mmoja kuelekea ziwa lilelile. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama maji yanalowanisha.

"Hii kila mutu anaijua," akasema.

"Watu wa ng'ambo ya ua hawaijui."

"Hawajakuja kuuliza."

"Na wewe hukwenda kuwaambia."

"Niwaambie nini? Mimi sijui hata batoto banachora."

Nilivuka ule ua mara sita siku hiyo, nikiuza kwa kila mmoja bidhaa ya mwenzake. Kwa Furaha nilisema Muhindo anazo ramani lakini anaogopa wasomi wa elimu watamcheka. Kwa Muhindo nilisema Furaha ana michoro ya watoto ambayo hakuna mtu wa jiografia amewahi kuiona, na kuna mwingine anaitafuta. Huyo mwingine hakuwepo. Mara ya sita walikaa meza moja, na ubishi ukahamia kwenye jina: la nani litangulie kwenye makala? Kila mmoja alitaka lake. Nikasema ni haki, ila atakayetangulia ndiye atakayesimama Bukavu kuwaeleza wenyeji kwamba tuliwanyima pointi bure. Ghafla kila mmoja akawa na adabu sana na kumsukumia mwenzake nafasi ya kwanza. Mwishoni Furaha akaichukua, na ndiyo maana mpaka leo namheshimu.

Lakini bado alitaka ushahidi. "Toa batoto bako ku Goma," akasema. "Uwapeleke mahali mulima iko upande mwingine. Kama wakipatia kule, ripoti yangu inabaki. Wakikosea, naandika upya, na ile mama wa Bukavu anabaki na masaa yake."

Tulichagua Rumangabo: iko kaskazini ya Nyiragongo, njia ya Rutshuru, na wakati ule barabara ilikuwa inapitika bila maswali mengi. Jumamosi moja tulikwenda kwa bisi, wanafunzi thelathini niliowachagua mwenyewe, wale wa alama kumi kwa kumi. Niliwahesabu wakipanda, nikawahesabu wakishuka. Tulikaa kwenye majani, nje kidogo ya makao ya hifadhi ya wanyama. Asubuhi ilikuwa safi, na Nyiragongo ilionekana yote, kule tulikotoka. Milima mingine ilikuwepo kando, lakini mtoto wa Goma ana mlima mmoja.

Furaha akagawa karatasi za kayee. "Chora mahali hapa. Barabara, milima, muji wa Goma. Weka kaskazini." Muhindo alisimama pembeni na chombo chake cha setilaiti, kama padri mwenye kikombe.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Prof, tutumie busole?"

"Umeileta?"

"Hapana."

"Basi umeshajibu."

Wakaanza kuchora. Nami, ili nisizunguke juu ya vichwa vyao, nikakaa kwenye jiwe.

Walipomaliza, Furaha alipitia karatasi moja moja. Mlima juu, mshale juu ya mlima. Mlima juu, mshale juu ya mlima. Wengine walifika mbali zaidi: wakaweka Goma kaskazini ya Rumangabo, na kama wangeifuata ramani yao kurudi nyumbani tungewapokea Butembo, mbali kaskazini. Wawili tu walipatia. Mmoja ni Solange, aliyekulia Rutshuru kabla familia yake haijahamia kwetu. "Prof, kwetu mulima tunaigeuziaka mugongo," akaeleza. Wa pili ni kijana aliyekaa karibu na Solange.

Muhindo alicheka mpaka akakaa chini. Furaha hakucheka. Alikusanya karatasi na kuzihesabu.

"Thelathini na moja," akasema.

"Hesabu tena."

Akahesabu. "Thelathini na moja. Prof, batoto ni wangapi?"

"Thelathini. Kuna aliyeharibu akaanza upya."

"Hii haiko na jina."

"Ndiyo hiyo iliyoharibika. Iweke, nayo ni data."

Aliiweka. Ikaandikwa kwenye makala, mstari wa chini kabisa wa ukurasa: karatasi moja ya ziada, mwenyewe hajulikani, imekosea kama nyingine.

Kongamano la Bukavu lilikuja. Tulikwenda kwa boti. Furaha alisimama mbele ya inspekteri, maprefe na walimu, akasema kwa sauti isiyotetemeka kwamba ripoti yake ya kwanza ilipima mteremko ikadhani imepima walimu. Muhindo akafuata na ramani zake mbili. Watu wa elimu waliinamia ramani za miteremko, watu wa jiografia waliinamia michoro ya watoto, na kwa muda wa chai nzima hakuna aliyekumbuka kukaa upande wake. Inspekteri aliuliza maswali matatu, na la mwisho alimuuliza Mama Nsimire: angependa jaribio lifanywe vipi mwakani? Mtu anayepelekwa bibliyoteki haulizwi swali kama hilo. Prefe wake alilisikia vizuri, akaandika.

Baadaye Mama Nsimire alikuwa anapitia zile karatasi za Rumangabo zilizopangwa mezani. Alichukua moja, akaiinua kwenye dirisha, akanisogelea polepole.

"Papa," akasema kwa sauti ya chini, "huyu mutoto wako wa thelathini na moja ameweka kipimo chini ya ramani. Fundo moja, mita moja. Nimefundisha miaka mingi, sijaona mutoto anaweka kipimo bila kuombwa."

Nilitazama ziwa. Lilikuwa kaskazini, na liliniudhi.

"Na anaandika kama mutu wa miaka makumi tano," akaendelea.

"Ni mutoto mwenye bidii, Mama."

"Mazoezi mingi," akasema.

 Kule Rumangabo nilikuwa nimekaa kwenye lile jiwe, na mkono wangu ukashika kalamu ili watoto waone hata mwalimu anachora. Nilijua Rumangabo iko wapi. Ningeweza kuwatajia digrii zake za latitudo na longitudo. Lakini mkono ulichora mlima juu, ukaweka mshale juu, bila kuniuliza. Busole ya Muzee Kalinda ilikuwa mfukoni. Nilipoitoa nilikuwa tayari nimemaliza, na sindano ilielekea nyuma ya mgongo wangu. Ningeweza kuikunja ile karatasi na kuitia mfukoni pamoja nayo. Nikaona kwamba nikifanya hivyo hesabu itakuwa ya uongo. Lakini kuweka jina langu nayo sikuweza. Basi nikaichomeka katikati ya nyingine, kama muuzaji anayeficha nyanya moja mbovu katikati ya fungu, ila mimi nilitaka mtu aione.

"Unauza kimya chako bei gani?" nikamuuliza.

"Wiki moja," akasema. "Unakuja kufundisha huku, klasi yangu, uwanja wangu, mulima nyuma yako. Mimi nakaa nyuma nakuandikia pointi."

Nilijaribu siku tatu. Akasema wiki. Nikasema siku tano. Akasema wiki, na Jumamosi. Nikakubali haraka kabla haijawa mwezi. Nilikwenda mwaka ule, na miaka mingine mitatu, naye akaja Ndosho. Alama alizonipa mara ya kwanza sitaziandika. Alipozijumlisha nilimwomba ahesabu tena, na zikapungua.

Ile karatasi aliniletea mwenyewe, kwa boti, alipokuja kwetu mara ya kwanza. Alikuwa ameipa alama kwa kalamu nyekundu: sifuri, na chini yake, kwa mwandiko mdogo, "Kipimo ni kizuri." Hiyo ndiyo ya kumi na mbili, Patrick. Usiipeleke kwa prefe aiingize kwenye orodha, atataka kujua ni mali ya nani. Iweke juu ya nyingine zote. Mwalimu mpya akija, muulize kaskazini iko wapi, na akinyoosha kidevu mwonyeshe hiyo kabla hujampa busole.

Busole nimeiacha kwenye droo ya kushoto. Niliangalia mara mbili kama ipo.